Maswali yenu juu ya Mazembe: pesa, kunguru na ile goli niliisikia kwa radio

Jambo bandugu na badada. Juma ile nilitupa neno moya tu juu ya Mazembe, ekipe yetu ya mpira ya Lubumbashi, na tangu pale simu hailali, maswali inaingia mpaka usiku wa manane. Leo najibu zile naweza. Zile za matusi naziacha, mwenyewe anajijua.

Ni kweli ekipe ilianzishwa na bamapadri? Na "Tout Puissant" ilitokea wapi? (Muulizaji wa Kenya, ile komine yetu, hapana inchi)

Kweli kabisa. 1939, mji bado unaitwa Élisabethville, bamonaki ba Benedictin benye balikuwa banaongoza masomo (shule) ya Saint-Boniface njo baliunda ekipe, juu batoto ba pale benye habakuwa na wazo ya kuwa bapadri bakuwe na kitu ya kufanya. Jina ya kwanza ilikuwa Saint-Georges, mutakatifu wa baskauti. 1944 ikawa Saint-Paul. Kisha ikaja Englebert, na hiyo si mutakatifu hata kidogo, ni kampuni ya Belgique yenye ilikuwa inatengeneza pine za motokari, ndio, pine. 1966 bakabeba ubingwa wa inchi bila kupoteza mechi hata moya, pale njo bakaongeza Tout Puissant, yaani Mwenyezi. Mwenyezi! Bamonaki bangejua mapema, sijui kama bangebariki. Englebert ikaanguka, Mazembe ikabaki.

Munaitwa kunguru na kwa jezi kuko mamba. Muchague moya.

Hatuchague. Kunguru ni juu ya rangi nyeusi na nyeupe, angalia kunguru wa kwetu na kifua yake nyeupe utaelewa. Mamba eko kwa nembo, na balo (mpira) mu kinywa. Vyote viwili vinauma.

Mazembe ni pesa ya Katumbi tu, zamani hamukuwa kitu. (Kaka moya wa Kinshasa, na si wa kwanza kusema hivyo)

Hii njo inaniumiza kichwa kila siku, kwa hiyo vumilia nitaongea murefu. Moïse Katumbi alishika ekipe 1997. Alileta pesa, hakuna mwenye anabisha, alileta bakocha ba mbali na bachezaji ba inchi zingine, na ile stade ya Kamalondo yenye nyasi ya plastiki ilifunguliwa 2011. Sawa. Lakini sasa niambie, 1967 Katumbi alikuwa kama nani? Miaka ine ya kufuatana, 1967, 68, 69 na 70, Englebert ilifika fainali ya kombe ya mabingwa wa Afrika. Fainali ine! Mu 1968 balifunga Étoile Filante ya Lomé 5-0 huku kwetu, kule Togo bakafungwa 4-1 na bado kombe ikarudi Congo. Pierre Kalala alikuwa anapiga balo mpaka bakamuita bombardier, na golini Kazadi, yule yule mwenye alienda Kombe ya Dunia 1974 na Zaïre. Kubeba ile kombe mara mbili kwa kufuatana, hakuna mwenye alirudilia mpaka Enyimba ya Nigeria 2003 na 2004.

Najua utaleta ile ya 1967, "mulipewa kombe mu meza". Ni kweli na si kweli. Tulicheza na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 Kumasi, 2-2 Kinshasa, hakuna mushindi. Ikapangwa mechi ya tatu Cameroun na Kotoko habakutokea, juu shirikisho ya mpira ya kwao haikubapatia habari. Sisi kosa yetu iko wapi? Na Kotoko habakusahau, 1970 bakakuja Kinshasa kwenyewe bakatufunga 2-1 mu fainali, bakabeba. Wazee ba Kamalondo bakifika pale mu hadisi banaanza kuongea juu ya bei ya bukari (ugali).

Wewe mwenyewe ulikuwa wapi 2010? (Leki, yaani mudogo wetu, wa Kipushi, alizaliwa 2008)

Leki, kaa chini. Ile mwaka tulikuwa tunatoka kubeba Afrika mara mbili, 2009 tulifungwa 2-1 na Heartland kule Nigeria halafu hapa, mu stade ya Kenya, tukapata 1-0, na hiyo goli beki wa kwao njo alijifunga. 2010 Espérance ya Tunis balikuja pale pale, bakakula tano. Tano kwa sifuri.

Mwezi wa kumi na mbili tukaenda Abu Dhabi kwa Kombe ya Dunia ya ma-club, tena bila Trésor Mputu, muchezaji wetu, juu alikuwa mu adhabu ya mwaka muzima kwa ile fujo yake na mwamuzi kule Kigali. Bantu bakasema tunaenda kutembea tu. Bedi akafunga Pachuca ya Mexique, 1-0. Kisha Internacional, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Ile siku nilikuwa Katuba, komine ingine ya kwetu, kwa yaya yangu (ndugu mukubwa), mvua inapiga, umeme hakuna, jirani akawasha groupe (jenereta) na kila muntu akatoa ya mafuta. Kabangu alipofunga, dakika ya 53, nyumba yote ikaruka, mutoto moya akakanyaga waya, ekrani ikawa nyeusi pii. Tukamalizia mechi kwa radio ndogo ya mapili (betri) ya mama mukwe wa yaya. Kwa hiyo goli ya Kaluyituka, ile ya 85, mi niliisikia tu, kuiona niliiona kesho yake. Na Kidiaba, golikipa wetu, kule anaruka na matako mu nyasi, huku mu matope ya Katuba batoto banaruka vile vile na nguo ya masomo.

Fainali Inter ya Milan bakatupiga 3-0. Goli ya pili ilikuwa ya Eto'o, ndugu yetu wa Cameroun, hakutuhurumia. Lakini mbele ya pale hakuna ekipe ya Afrika ilikuwa imefika ile fainali.

Simba tuliwatoa 2011, mbona hamusemi? (Dada wa Dar es Salaam)

Dada, mu kiwanja sisi njo tulibafunga. Kisha mukapeleka malalamiko juu ya Bokungu, muchezaji wetu, kwamba mambo yake na Espérance haikuwa imeisha, CAF (shirikisho ya mpira ya Afrika) ikatutoa. Haya, tulikubali. Lakini mu ile mechi tuliona kijana wenu moya anaitwa Mbwana Samatta, tukamununua. 2015 akafunga mu fainali, tukabeba Afrika ya tano mbele ya USM Alger. Asanteni sana, kweli.

Na bamama?

Banafanya kazi kuliko banaume siku hizi. Novemba 2024, kule Maroc, balifunga ASFAR 1-0, bakabeba kombe ya mabingwa wa Afrika ya banawake mbele ya bantu ba kwao.

Lupopo, ile ekipe ingine ya mji, utaandika lini? (Mutoto wa cheminot, mufanyakazi wa reli)

Siku watanifunga nilale vizuri. Nacheka. Juma ijayo, na ulete foto za babu yako na jezi ya manjano na bleu, nilisikia iko nazo.