Antena ya juu ya bati inawaka na kujizima: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Igombe, na pia nauzia majirani vocha za intaneti. Mtandao naupata kwa antena ya wayalesi iliyofungwa juu ya bati, inatazama mnara upande wa mjini. Juzi umeme ulikatika mvua ikinyesha. Uliporudi, antena ikaanza vituko: taa zinawaka moja moja, kisha zote zinazima kwa pamoja, inaanza upya, hivyo hivyo kutwa nzima. Taa ya adapta iliyoko ndani inawaka vizuri tu. Kijana mmoja ananiambia nibonyeze reseti, mwingine anasema imepigwa radi, ninunue mpya. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama dada yangu, poleni na mvua. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, na huyo wa kwanza mwambie kabisa aondoe kidole kwenye kitufe. Reseti inafuta jina la mtandao wa mnara, nenosiri lake, masafa na anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao). Ukishafuta, hata antena ikipona haitaujua mnara wake, na utaanza kumtafuta aliyekuunganishia aje aipange upya.

Wa radi hajakosea kuwaza hivyo, maana eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Ila radi ikipita kwenye kebo, mara nyingi inaua tundu la mtandao: taa ya umeme inabaki imetulia, taa ya LAN, yaani ya kebo ya mtandao, haiwaki kabisa. Yako inaanza safari vizuri, inakatikia njiani. Hiyo kwa kawaida ni njaa ya umeme.

Antena ikiwashwa, kwanza inasoma programu yake ya ndani, na hapo inakula umeme kidogo. Baadaye inawasha sehemu ya kurusha mawimbi, na mahitaji yanapanda ghafla. Adapta iliyoko ndani, ambayo ndiyo inayopeleka umeme juu kwa kebo ile ile ya mtandao, ikichoka inashindwa, volti zinaporomoka, kifaa kinazima. Mzigo ukiondoka volti zinarudi, kinawaka tena. Ni pikipiki inayokimbia vizuri tambarare, ikianza kupanda kilima cha Bugando inazima. Ndiyo maana taa ya adapta isikudanganye: yenyewe inahitaji umeme mdogo mno kuwaka. Sogeza sikio karibu na adapta wakati antena inajiwasha. Ukisikia tik-tik-tik, au ukaona taa yake inafifia kila antena inapozima, mshukiwa umempata. Mara nyingi ndani yake utakuta kapasita (vikopo vidogo vya kutunza umeme) zimevimba kichwa.

Fanya hivi. Mpandishe mtu aishushe antena, uiunganishe mezani kwa adapta ile ile ila kwa kebo fupi, ya mita moja hivi. Ikitulia, adapta ni nzima na tatizo ni kebo ndefu au vichwa vyake (plagi za kwenye ncha). Ikiendelea kujizima, azima adapta nyingine. Hapa uwe makini sana na volti. Antena nyingi za aina hii hutumia 24 V, na adapta za 48 V zinafanana nazo kwa umbo hadi tundu. Ukichomeka ya 48 V kwenye antena ya 24 V unaweza kuiua papo hapo. Soma lebo za vyote viwili. Ampea zikizidi hakuna ubaya, kifaa kinachukua kinachohitaji tu. Zikipungua ndiyo utarudi kwenye shida hii hii. Adapta ya 24 V na 0.5 A inatoa wati 12, usikubali ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye ya zamani.

Kebo nayo ina mambo yake huku kwetu ziwani. Adapta za 24 V kwa kawaida hupitisha umeme kwenye jozi ya nyaya za bluu (chanya) na ya kahawia (hasi) ndani ya kebo. Maji yakiingia kwenye kichwa, umeme huo unaharakisha kutu, na pini za bluu ndizo huliwa mapema. Fungua kifuniko cha chini cha antena uangalie: ukiona unga wa kijani kwenye pini, na mara nyingi utakuta na utando wa buibui uliojaa vijidudu vya ziwani vinavyotunza unyevu, kata kichwa ufunge kipya. Usiridhike na kipima kebo kinachowasha taa zote nane, kwa sababu kinapitisha umeme mdogo sana. Waya ulioliwa unafaulu mtihani huo na kufeli kazini. Kwangua pia waya mmoja kwa wembe. Ukiwa mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapoteza umeme mwingi zaidi njiani. Kwa mita tano haisumbui, kwa thelathini itakusumbua.

Adapta nzima, kebo fupi, na bado inajizima? Hapo ndipo tutaishuku programu ya ndani, hasa kama umeme ulikatika wakati inajisasisha. Inarudishwa kwa kompyuta na faili sahihi la modeli hiyo hiyo: antena za kampuni ya MikroTik zina programu ya Netinstall, na nyingi za kampuni ya Ubiquiti hupokea faili kwa TFTP (njia rahisi ya kutuma faili kwa kebo) kwenye anwani 192.168.1.20. Kazi hiyo mpe fundi anayeijua, na kabla ya hapo muombe mtoa huduma wako nakala ya mipangilio.

Ikishapona, usiwe na haraka ya kuichomoa ukiona kimya. Kuwaka kwenyewe kunachukua dakika moja au mbili. Tena kama upande wa mnara nao ulizimika na unatumia masafa ya 5 GHz yanayotumiwa na rada, unalazimika kusikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha. Kwenye masafa ya rada za hali ya hewa inaweza kufika dakika 10. Wengi huchomoa katikati, wakaanza kuhesabu upya.

Wakati wa kuipandisha, acha kebo ining'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, matone yadondokee nje, na kifuniko kibane hadi kilie. Umeme ukikatika tena, chomoa adapta ukutani, uirudishe umeme ukishatulia.