Malengo ya mwaka ya mke na mume: andika na bili ya mwenzako

Usiku wa kuamkia Januari mosi 2022, mimi na mke wangu tuliandika malengo ya mwaka nyuma ya kalenda iliyokwisha. Watoto wameshalala, fataki zinalia mtaa wa pili, na kalamu nimeshika mimi. Tulipomaliza yalikuwa saba: kupaua nyumba yetu ya Vikindu, kumaliza madeni, mimi kupandisha daraja la leseni, kuweka akiba laki moja kila mwezi, kufungua genge, kula matunda, kuswali kwa wakati. Nikapiga picha, nikaweka stetasi. Watu wakatuma makopakopa.

Kufika Machi ile kalenda ilikuwa inafunika ndoo ya unga. Januari ilikuja na kodi ya nyumba ya miezi sita, sare, madaftari na michango ya shule. Februari tukaanza kukopa nauli. Hayo mnayajua, sina haja ya kuyaeleza. Ninachotaka kueleza ni kitu ambacho kilinichukua zaidi ya mwaka kukiona: katika yale malengo saba, hakuna hata moja lililotoka kinywani mwa mke wangu. Nilimuuliza, "Na wewe mama?" Akajibu, "Hayo hayo yanatosha." Nikalala nikijisifu kwamba nimepata mke mwelewa.

Mwaka uliofuata akasema la kwake. Mke wangu alimaliza kidato cha nne mwaka 2012, ule mwaka ambao wanafunzi wengi walifeli, matokeo yakaitikisa nchi nzima hadi yakapangwa upya. Hata baada ya kupangwa upya, yeye alibaki na F ya Kemia, Baiolojia na Fizikia, na ndoto yake ya uuguzi ikaishia hapo. Akajifunza cherehani, tukaoana, tukapata watoto wawili. Sasa Januari 2023, anakata kitambaa barazani, mkasi uko mkononi, akasema bila kuniangalia: "Mwaka huu nataka kurudia masomo yangu ya sayansi."

Nikamwambia hamna shida, nakuunga mkono mia kwa mia. Na hela ya usajili nilitoa, kwa sababu dirisha la watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na halikusubiri ujipange. Akapata tuisheni Rangi Tatu, Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu.

Tatizo ni kwamba nilikubali kitu ambacho sikukiuliza bei. Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Ukiniletea nondo siwezi kupokea bila kuuliza bei, idadi na nani analipa. Lakini lengo la mke wangu nililipokea kwa tabasamu tu. Kwa hiyo nikirudi saa mbili kasoro, nimesimama kwenye daladala tangu barabara ya Mandela, nakuta watoto wako kwa jirani na jiko la baridi. Sikugomba. Nilivua viatu kwa kishindo. Nilifungua sufuria moja moja na kuzifunika tena. Siku moja nikauliza, "Leo tunakula Kemia?" Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu hakucheka. Mwezi wa nne aliacha kwenda, na hakuna aliyemwambia aache. Karatasi yenye namba yake ya mtahiniwa, ile inayoanza na P, aliiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na vifungo.

Mwezi wa saba tukaenda kwao, Makunduchi, kwenye Mwaka Kogwa. Kwa ambao hamjafika: huu ni mwaka mpya wa jadi wa watu wa kusini mwa Unguja, wenye asili ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Wanaume hujigawa makundi mawili na kuchapana kwa mashina ya migomba, mtu akitoa dukuduku lake la mwaka mzima, wanawake wamevaa vizuri wanaimba. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Halafu watu haohao wanakwenda kula pamoja. Niliona ndugu wawili wametandikana kweli, sio mchezo, na saa moja baadaye mmoja anamminyia mwenzake ndimu kwenye wali.

Mkwe wangu, mama yake mke wangu, aliniona nashangaa. Akaniambia, "Mkwe, hapa mtu akikukosea anajua siku ya kulipwa. Nyie huko Dar mnadaiana kimya kimya mwaka mzima."

Nilidhani ni utani wa mkwe. Tukiwa kwenye boti tunarudi, mdogo amelala mapajani, mke wangu akasema, "Ningekuwa na mgomba, ningekuchapa kwa ile Kemia." Alisema taratibu, anatazama maji. Sikupata jibu mpaka tumefika bandarini.

Novemba ile hakwenda kwenye mtihani. Lakini maongezi yaliyoanza kwenye boti ndiyo yaliyozaa utaratibu tunaoutumia mpaka leo, na huo ndio naomba niwape.

Kwanza, tuliacha kukaa usiku wa tarehe 31 Desemba. Usiku ule kila mtu ni tajiri. Mshahara umetoka mapema, bonasi kidogo, umeshiba pilau, unaahidi hata usichonacho. Sisi sasa tunakaa Jumapili ya tatu ya Januari, kodi imeshalipwa na watoto wako shuleni na mfuko unapiga miayo. Malengo unayoyaandika ukiwa umebakiwa na elfu kumi na mbili yana akili zaidi.

Pili, tunaanza na vinyongo. Hatuna migomba, tuna chai ya tangawizi. Kila mmoja anasema kilichomuuma mwaka uliopita, mwingine anasikiliza bila kujitetea. Hili la kutojitetea ni gumu kuliko kupaua nyumba. Januari 2024 mke wangu alisema la viatu na la sufuria. Mimi nikalazimika kusema nilichokificha tangu Agosti: nilikuwa nadaiwa laki tatu na arobaini kwenye mikopo ya simu, ile ya kubofya mara mbili hela inaingia. Alinyamaza muda mrefu. Akaenda kugeuza maharage jikoni, akarudi, akasema, "Haya, endelea." Kama ningelificha lile deni, malengo yote ya mwaka ule yangejengwa juu ya mchanga, maana kila mwezi kuna hela ingekuwa inapotea na yeye hajui inakwenda wapi.

(Kama uko kwenye nyumba ambayo ukisema ukweli unapigwa, achana na daftari langu. Tafuta kwanza mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, au nenda dawati la jinsia kituo cha polisi. Utaratibu huu ni wa watu wanaokoseana, sio wanaoogopana.)

Tatu, na hapa ndipo penyewe. Tulinunua kaunta buku. Kila mmoja anaandika lengo lake moja peke yake, mimi sebuleni, yeye chumbani. Moja tu. Halafu kila ukurasa tunauchora mstari katikati. Kushoto anaandika mwenye lengo: nataka nini, lini, kwa shilingi ngapi. Kisha tunabadilishana daftari, na upande wa kulia anaandika mwenzake: lengo hili litanigharimu nini mimi.

Mimi niliandika KUPAUA. Kwa hesabu nilikuwa nimejipanga, si ndiyo kazi yangu: mabati 96 ya geji 28, mbao, misumari, hela ya fundi, kila kitu na bei yake. Nikampa daftari kwa kujiamini. Aliporudisha, upande wa kulia alikuwa ameandika hivi kwa mwandiko wake mdogo:

Sitakwenda Makunduchi mwezi wa saba.
Hela ya sare zote nilizoshona Januari itakwenda kwenye mabati.
Jumamosi zote nitakuwa peke yangu na watoto.
Fundi atapiga simu usiku na wewe utaamka na hasira.

Nilisoma mstari wa pili mara mbili. Januari ndiyo msimu wake. Anashona sare mpaka saa saba usiku, vidole vinavimba. Na mimi kwenye hesabu zangu nilikuwa nimeshaiweka ile hela kama "mapato mengine". Miaka yote nilikuwa natembea nikisema najenga nyumba. Kumbe kuna mwenzangu analipa, na hakuna aliyewahi kumpa risiti.

Yeye aliandika SAYANSI. Nami ikanibidi niandike bili yangu kwa ukweli: nitoke kazini saa kumi na moja kamili siku nne za wiki, nipike, nisimamie watoto. Maana yake niache ovataimu. Na ovataimu ndiyo ilikuwa hela ya mbao. Tulipoweka kurasa mbili pamoja mezani ikaonekana wazi kwamba haviwezekani vyote mwaka mmoja. Hapo ndipo wengi hulazimisha, kila mmoja anafanya lake nusunusu, Desemba wote wako mikono mitupu na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Tukapeana zamu. 2024 mwaka wa sayansi, 2025 mwaka wa paa. Sitasema iliniuma kidogo, iliniuma sana. Boma likikaa wazi, masika yanakula tofali za juu. Nikampeleka fundi akaziba vichwa vya kuta kwa saruji, nikaufunga ukurasa wangu. Kaka yangu alinipigia simu kuniuliza kama kweli nimesimamisha ujenzi ili mke akasome. Nikamjibu ndiyo. Ndiyo maana pia nawashauri mambo haya msiyaweke stetasi wala kwenye magrupu ya ukoo. Kila anayeyajua anajiona ana hisa.

Kuna mengine madogo. Tulikubaliana kila mmoja awe na hela isiyoulizwa, sisi ni elfu thelathini kwa mwezi. Mimi yangu inaishia kwenye kahawa na kashata na mpira, yake siijui, na kutoijua ni sehemu ya makubaliano. Na tulikubaliana kwamba lengo la mtu linaulizwa siku moja tu kwa mwezi, siku ya daftari. Siku nyingine hakuna kuulizana "umesoma?" wala "umeweka akiba?" Nyumba ikishakuwa na mwalimu wa zamu, mwenzako anaanza kutoroka kama mwanafunzi.

Kupika nilijifunza, kwa taabu. Wiki ya kwanza niliunguza wali mara mbili na mkubwa akaniuliza kama mama atarudi lini kutoka shule. Mwezi wa tano nilikuwa najua kwamba maharage yanaloweshwa asubuhi kabla ya kutoka, na kwamba mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku na kukuta chakula hajui kilichotokea kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Miaka minane ya ndoa sikuwa nimejua.

Kuna wiki utaratibu ulikufa kabisa. Agosti mdogo aliugua malaria, tuisheni ikasimama, siku ya daftari tukaipita miezi miwili. Hatukufanya mkutano wala kuomboleza. Alipopona, mke wangu alichukua begi lake Jumatatu, akaenda.

Novemba alifanya mtihani, kituo kimoja na vijana ambao angeweza kuwa dada yao mkubwa. Jumapili ya tatu ya Januari 2025 tulikaa na daftari matokeo yakiwa bado, kwa hiyo ukurasa wake tukauacha mtupu. Yalitoka mwishoni mwa mwezi. Simu yake ilikataa kufungua, mtandao umeelemewa, tukatumia yangu. Baiolojia C. Kemia D, na D ya Kemia ukiitafuta miaka kumi na miwili inang'aa kama A. Fizikia F.

Hakulia. Alikaa kwenye stuli ya cherehani, akavuta lile daftari, akafungua ukurasa wake mtupu, akaandika FIZIKIA, akaniletea niandike bili yangu upande wa kulia. Mwaka wa paa ulikuwa umeshaanza, oda ya mbao nimeshaiweka. Nikaandika: Jumanne tu, napika mimi.

Akalisoma, akachukua kalamu, akafungua ukurasa wangu wa KUPAUA na kuongeza mstari upande wake: "Makunduchi mwezi wa saba twende wote. Nauli ya boti analipa mwenye paa."