Pima paa, usipime sakafu

Mdogo wangu unayeanza kupaua, kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa Tandahimba, msimu wa korosho. Mwenye nyumba akaniambia msingi ni mita 10 kwa 8. Nikapiga hesabu ya mita 80 za mraba palepale, tukapeana mikono.

Paa si sakafu. Ongeza upenu wa sentimita 60 kila upande, unapata 11.2 kwa 9.2, yaani 103. Likiinuka nyuzi 30, zidisha kwa 1.155, unafika 119. Nilikuwa nimetaja bei ya nyumba nyingine kabisa, ndogo kwa theluthi nzima.

Kilichofuata kinaniuma hadi leo. Ili nisirudi nyumbani mikono mitupu, niliachanisha papi, zile mbao za kupigilia mabati, kuliko inavyotakiwa na misumari nikaibania. Mvua za Januari zilipokuja na upepo, kona ya paa ikaanza kupigapiga, maji yakaingia chumba alicholala bibi. Nikarudi kurekebisha kwa mbao za pesa yangu. Mwenye nyumba hakunitukana, alinishikia ngazi.

Kwa hiyo usitaje bei ukiwa umesimama barabarani. Chukua futi, pima, nenda nyumbani ukaandike: kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), papi, kuezeka, kofia (bati la kufunika kilele), fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), posho ya saidia fundi, usafiri, kila kimoja na bei yake. Mgongo wa tembo, yaani paa la miteremko miwili tu, na paa la kona nyingi haviwezi kulipwa sawa, maana kila vale, lile bonde pale miteremko miwili inapokutana, inakula mabati kwa kukatwakatwa na inakula siku zako pia.

Mteja mweleze geji, ile namba ya unene wa bati. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bati nene, kumbe geji 32 ni jembamba kuliko 28. Kwa nyumba ya Mikindani, karibu na chumvi ya bahari, mimi simshauri mtu bati jembamba hata kama ni rahisi. Na cha juu cha dukani, pesa anayokupa mwenye duka kwa kumpelekea mteja, usikichukue; ukitaka faida, iandike kwenye ufundi aione. Wala usimpandishie mtu kwa sababu umesikia korosho zake zimeuzwa mnadani jana.

Mimi malipo nayagawa: kianzio, kenchi zikisimama, mabati yakiisha, na kiasi kidogo nakiacha hadi mvua ya kwanza. Ikinyesha naenda mwenyewe na tochi, napanda darini, naangalia kwenye vale kwanza.