Soksi Nyeupe na Tochi ya Simu

Miaka sita iliyopita nilirudi kutoka sokoni jioni, nikavua viatu mlangoni. Binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona soksi ina damu?" Ndani ya kiatu kulikuwa na kokoto, kama punje ya hindi. Nilikuwa nimeikanyaga tangu asubuhi. Nimepanga vitenge, nimehudumia wateja, nimesimama kwenye daladala njia nzima, wala sikusikia kitu.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa nne na kisukari, na nilijihesabu mzima kwa sababu hakuna kilichoniuma. Nesi wa kliniki ndiye aliyenielewesha: sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi taratibu. Damu nayo hupita kwa shida, kwa hiyo kidonda hakisikiki na kupona kwake ni kazi. Kile changu kilichukua karibu miezi mitatu. Mwenzangu mmoja tuliyezoea kukaa naye benchi la kliniki alikatwa vidole viwili, na chake kilianza na lengelenge la kiatu.

Tangu hapo silali bila kukagua miguu. Naiosha kwa maji ya uvuguvugu, na maji nayapima kwa kiwiko, maana nyayo zangu haziwezi tena kuniambia yana moto kiasi gani. Nakausha vizuri katikati ya vidole, kwani unyevu wa pale ndio unaoleta fangasi. Mafuta napaka visigino visipasuke, lakini katikati ya vidole sipaki. Kisha binti yangu ananimulikia nyayo kwa tochi ya simu, na asipokuwepo natumia kioo kidogo. Soksi navaa nyeupe, ili doa la damu au usaha lionekane hapo hapo. Kiatu nakikung'uta na kukipapasa kwa mkono ndani kabla sijakivaa. Peku sitembei, hata sebuleni. Na nawaomba sana ndugu zangu: sugu msizikate kwa wembe, wala msiweke miguu karibu na jiko la mkaa kutafuta joto.

Chakula ndicho watu wanachoniuliza zaidi. Wengi wameambiwa dona au mtama ni ruhusa kula watakavyo. Nyuzinyuzi zake zinasaidia kweli, lakini ugali wa dona ukijaza sahani, sukari itapanda tu. Mimi ugali wangu wote wa mlo mmoja hauzidi ngumi yangu. Nusu ya sahani ni mchicha, matembele au kabichi, na sehemu iliyobaki ni maharage au samaki. Chai nanywa bila sukari, na juisi nimeiacha, hata ile ya matunda tuliyokamua wenyewe nyumbani. Matunda nakula mazima, kidogo kidogo.

Kwenye mkoba sikosi pipi, maana sukari nayo huweza kushuka mno. Nikianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi napima, na nikikuta chini ya 4 (mmol/L) nakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nakunywa, nasubiri dakika 15, napima tena. Wafanyabiashara wenzangu nimewaelekeza hivyo, na nimewaambia kwamba nikipoteza fahamu wasininyweshe kitu, wanikimbize hospitali.

Macho napimwa kila mwaka, yale ya kuwekewa matone mboni ipanuke, ingawa bado nasoma ujumbe wa simu bila miwani. Pazia la ndani ya jicho huanza kuharibika mapema kabla mtu hajaona ukungu. Figo ni hivyo hivyo, ndiyo maana mkojo unapimwa protini wakati mwenyewe hujisikii vibaya. Presha nayo isisahaulike, kwa kuwa ikiungana na sukari, figo na moyo ndivyo vinavyoumia. Na kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, kiombe. Wengi wetu tunaambiwa kiwe chini ya asilimia 7, lakini daktari wako ndiye atakayekupa lengo lako, hasa kama umri umekwenda.

Jana usiku binti yangu alikuta lengelenge kwenye kisigino cha kushoto, ukubwa wa dengu. Hatukulitumbua. Tumelifunika kwa bandeji safi, viatu vipya vimerudi kwenye boksi, na asubuhi hii naandika nikiwa kwenye foleni ya kliniki.