Jibu: Kumnyima kiongozi viza ya Marekani kunamsaidia nani?

Mkuu umeuliza kiongozi akizuiwa kuingia Marekani inamuuma nini kama hana hata safari ya huko. Chukua ya Paul Makonda wa hapa Tanzania, tarehe 31 Januari 2020, akiwa bado RC (mkuu wa mkoa) wa Dar, Marekani wakamtangaza hadharani kwa madai ya ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu, na mkewe akatajwa kwa jina humohumo. Hapo ndo penyewe, kile kifungu chao cha sheria 7031(c), cha kuwazuia viongozi wa nje kuingia kwao, kinabeba na familia, yani mke, mume, watoto, na hakisubiri hukumu ya mahakama, wakishaona taarifa zinaaminika basi.

Ila usichanganye na kufungiwa mali maana watu wengi humu wanachanganya. Kayihura, IGP (mkuu wa polisi) wa zamani wa Uganda, Septemba 2019 alipigwa vyote viwili, viza na mali zake zilizoko chini ya Marekani, na hapo Mmarekani yeyote haruhusiwi kufanya nae biashara. Makonda ilikuwa ni viza tu. Mi naona ni kidogo sana kwa walioumizwa, wao walitaka kesi, lakini angalau jina limeandikwa mahali.