Kabla ya Milioni, Zihesabu Chapati

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema chapati zinaisha kila asubuhi hapo stendi ya Msamvu, Morogoro, ila mwezi ukifika mwisho huna kitu mkononi, na sasa kuna watu wa mikopo wanakufuatafuata wakupe milioni moja ufungue kibanda cha pili. Unaniuliza, "Mama, nichukue?"

Usichukue. Ngoja kwanza tukae kwenye unga.

Unakanda kilo tano, unapata chapati sitini. Kwa mia tano mia tano, hiyo ni 30,000. Sasa toa: unga 10,000, mafuta 7,500, mkaa 2,500, chumvi na maji 500, binti anayekusaidia 5,000. Kodi ya kibaraza ni 30,000 kwa mwezi, yaani 1,000 kwa siku. Jumla 26,500, umebaki na 3,500. Haya, watoto wanakula ngapi kabla ya kwenda shule? Na wewe? Na yule binti? Na wale makonda wa "nitakupa jioni"? Tuseme nane tu, ni 4,000. Umeamka saa kumi alfajiri, umeungua mkono, na siku imekuacha na deni la mia tano. Kibanda cha pili kitakuletea deni la mia tano nyingine, na marejesho juu yake.

Watoto waache wale, sijasema walale njaa. Ila kila inayoliwa iandike kwenye daftari kama iliyouzwa, na aliyekopa mwandike jina. Wiki moja tu utaona mwenyewe pesa inapovujia. Na hiyo Lipa Namba yako, ya wateja kukulipa kwa simu, pesa yake usiitumie kununulia bando wala kumtumia mdogo wako nauli. Pesa ya chapati ikishachanganyika na ya nyumbani, hakuna atakayeitenganisha.

Mimi nilipokuwa nauza maandazi Ngamiani, hapa Tanga, sikuwa na daftari, nilikuwa na kanga. Mtaji nafunga pindo la kulia, faida la kushoto. Shangazi yako alikuwa akinicheka, eti natembea kama nimebeba hirizi. Kisha ukaja msiba wa babu yako, nikafungua pindo la kulia, na mtaji sikuurudisha. Nikaenda kukopa 300,000. Siku hizi mnaiita kausha damu, enzi zetu haikuwa na jina. Kila jioni kijana anasimama mlangoni na kitabu chake. Siku ya mvua maandazi hayauziki, lakini rejesho halijui mvua. Mwisho wakabeba kabati la vyombo. Ulikuwa darasa la tatu, ukaniuliza vikombe vimekwenda wapi, nikakudanganya kwamba nimeviazimisha harusini. Leo ndiyo nakwambia.

Sasa hiyo 3,500 itaongezekaje? Usihangaike na kibanda cha pili. Hicho hicho kiongezee chai ya tangawizi na maharage. Mkaa tayari unawaka, binti tayari unamlipa, kodi ni ile ile. Hapo gharama mpya ni majani, sukari na maharage tu, na anayekula chapati kavu asubuhi anatafuta cha kuteremshia. Kama saa mbili chapati zimeisha na watu bado wanauliza, kesho ongeza kilo moja. Moja, siyo tano.

Unalalamika kwamba tangu treni ya umeme ya Dar ianze, Juni 2024, abiria wa mabasi wamepungua. Abiria usimlilie sana. Anakula leo, kesho yuko Iringa. Mshike fundi wa matairi, mshike muuza vocha, hao wapo hapo kila siku na ndio watakaojua chai yako ikipooza.

Siku ukiona lazima ukope, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, uliza mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Hauna riba. Shida yake ni kikundi: mwenzenu mmoja akihama usiku, deni linawabaki ninyi. Kwa hiyo chagua watu unaowajua mpaka kwao. TIN, namba ya mlipakodi, ukafuate mwenyewe TRA, kwa watu wa kodi, inatolewa bure, usimpe mtu pesa akuchukulie. Na kapime afya kabla bwana afya hajakukuta na mwiko mkononi.

Idd ukija, njoo na hilo daftari tulipitie pamoja, hata kama limejaa mafuta. Na kikaango changu cha chuma ulichoazima mwaka juzi usikisahau. Najua ndicho unachopikia.

Mama yako,
Tanga