Ukienda mkutano wa usalama wa mtaa, nenda na saa na mahali

Katika mkutano wetu wa kwanza na polisi, huku Mbagala, nilisimama nikasema kwa hasira, "Vibaka wametuzidi, polisi mko wapi?" Watu wakapiga makofi. Afisa aliyekuja akafungua daftari lake, akatusomea: kwa miezi miwili, mtaa wetu ulikuwa na RB mbili tu, yaani taarifa mbili tu zilizoandikishwa kituoni. Tulikuwa tunaporwa karibu kila wiki, lakini kwenye vitabu vya kituo sisi ni mtaa tulivu, na doria inapelekwa kule vitabu vinakosema kuna shida.

Iliniuma, kwa sababu mimi mwenyewe niliporwa simu na sikwenda kuripoti. Wengi hudhani RB inalipiwa. Ni bure. Ukiombwa hela, hilo nalo ni la kusema mkutanoni.

Kabla ya mkutano wa pili tulipita nyumba kwa nyumba na mjumbe, tukiuliza mambo matatu: saa ngapi, wapi, walikuwa wangapi. Tukapata matukio kumi na manne. Tisa yalitokea kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, kwenye kona moja isiyo na taa, wakati mama zetu wanawahi daladala kwenda kununua bidhaa sokoni. Doria ilikuwa inapita saa sita usiku! Tulipoyasoma hayo, hakuna aliyepiga kelele. Mkaguzi wa kata, yaani afisa wa polisi wa kata yetu, aliandika yote, na wiki iliyofuata doria ikaanza kupita alfajiri.

Jambo moja nakusihi sana: usitaje jina la mtu hadharani. Katika mkutano ule wa kwanza mzee mmoja alimtaja kijana wa jirani kwamba ndiye aliyefanya wizi fulani. Jioni hiyohiyo vijana wenye fimbo walikuwa mlangoni kwa mama yake. Tuliwahi kuwazuia, na baadaye ikajulikana kijana alikuwa safarini wiki nzima ya wizi ule. Bado nikikutana na yule mama nashindwa kumtazama usoni, maana nilikuwepo na nilinyamaza. Kama una jina, mfuate mkaguzi wa kata peke yako, mkae pembeni. Hata wewe utakuwa salama zaidi, kwa sababu mhalifu naye ana ndugu waliokaa kwenye viti vile.

Mwombeni mtendaji wa mtaa aandike muhtasari: nani ameahidi nini na lini. Mkutano unaofuata uanze kwa kuusoma. Na akina mama wapewe nafasi mapema, kabla hawajaondoka kwenda kupika. Kwetu wao ndio waliojua habari za ile kona.

Taa bado haijawekwa. Iko namba moja kwenye muhtasari wa Jumamosi ijayo, na jina la aliyeahidi liko pembeni yake.